Gari Lenye Mapazia

Khisa alichukia kuombwa gari hata kabla hajawa na gari.

Chuki hiyo aliipata kwa binamu yake Wabwile. Wabwile alikuwa amenunua pikapu mpya. Mpya kwa maana ya huku kwetu, yaani Mjapani aliiendesha mpaka akachoka nayo, ikapanda meli, ikaja kuvishwa namba za Kenya zinazong'aa. Kabla hajabandua plastiki kwenye viti, ukoo ulikuwa umeshaipangia kazi. Kila Ijumaa pikapu ilikwenda mochari ya Webuye kuchukua marehemu, na kila Jumamosi ilibeba turubai, sufuria, viti vya kukodi na shangazi zake wakilia kwa sauti. Hakuna aliyeweka mafuta. Ukimdai mfiwa mafuta, unaitwa mchawi. Pikapu ikavunjika springi, halafu gia, halafu ikabaki chini ya mparachichi, kuku wakitagia ndani.

Kwa hiyo Phelista, mke wa Khisa, aliposema wakati umefika wa kununua gari la mkate, tena jipya, Khisa aliona msururu wa wafiwa mlangoni pake.

Mkate ulikuwa wa Phelista. Hilo lieleweke mapema, maana baadaye Khisa mwenyewe alijaribu kulisahau. Yeye ndiye aliyepigania tanuri la matofali lijengwe nyuma ya nyumba yao pale Kiminini. Yeye ndiye aliyeamka gizani kukanda. Watu wakiingia dukani hawakuitisha mkate tu, waliitisha mkate wa Mama Agneta, kwa jina la binti yao mkubwa. Kazi ya Khisa ilikuwa kusambaza, kwanza kwa baiskeli, kisha kwa kreti zilizofungwa juu ya matatu, akigombana na makondakta mpaka Kamukuywa. Sasa maduka ya Bungoma nayo yalitaka, pamoja na shule mbili za bweni, na walitaka kila asubuhi. Baiskeli haifiki Bungoma asubuhi.

"Tuchukue ya Japani," Phelista alisema. "Nimeongea na wenzangu wa chama. Watatukopesha kinachopungua, tulipe polepole."

"Ati chama. Nilale nikiota wanawake wenu wananifukuza na daftari la madeni?"

"Afadhali wakufukuze wao kuliko ulale chini ya mkweche ukitafuta oili inavujia wapi."

"Mama Agneta, sikia. Gari mpya huku si yako. Ni ya matanga. Siku utaegesha hapo nje, Wabwile na wenzake watakuja, watasifu rangi, watapiga tairi teke, halafu mmoja aseme mzee fulani ametuacha. Utakataa?"

"Nitasema ni ya mkate."

"Mama yangu akifa utasema ni ya mkate?"

Phelista alijipangusa unga mikononi, kidole kimoja baada ya kingine, kama alivyofanya kila alipokuwa akimeza neno. "Kwa hivyo unatafuta gari mbaya, ndiyo watu wasikuombe."

"Natafuta gari mzee. Mbaya umesema wewe."

"Sawa. Kichwa chako najua hakipindi. Lakini hii ni gari ya chakula. Mtu ataangalia gari kabla hajaangalia mkate. Ukinunua iliyotumika, uliza ilikuwa inabeba nini. Nakuomba hiyo tu."

"Nitauliza."

Na kweli aliuliza. Uchungu wote uko hapo.

Abdishakur aliuza magari Kitale, kwenye kiwanja kilichokuwa nyuma ya msikiti, kati ya duka la mbegu na fundi wa redieta. Alikuwa mtu wa maneno machache, jambo lisilo la kawaida kwa muuza magari, na Khisa alimwamini kwa sababu hiyo hiyo. Kule mwisho wa kiwanja kulikuwa na Hiace nyeupe iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Mlango wa nyuma ulikuwa umebonyea. Namba zake zilikuwa za zamani, za kuchekwa na makondakta. Madirishani kulikuwa na mapazia madogo ya zambarau yenye nyuzi za kuning'inia, na sakafuni mbao mbili ndefu, laini, zilizotoka mlangoni mpaka mgongoni mwa dereva. Pembeni kulikuwa na benchi moja.

Khisa alipenda ubaya wake papo hapo. Nani angeliomba gari hili kwa harusi? Nani angeliomba kwa chochote?

Abdishakur akaliwasha. Injini ikanguruma taratibu, bila moshi.

"Ilikuwa inafanya kazi gani?" Khisa akauliza.

"Ilikuwa inapeleka watu nyumbani."

"Wa wapi?"

"Kote, mzee. Bungoma, Kapenguria, mpaka Busia. Mwenyewe amehamia Nairobi."

"Kumbe matatu tu."

"Si matatu, mzee. Hii haikukimbizwa hata siku moja. Ndiyo unasikia injini imetulia."

"Matatu isiyokimbia! Si ndiyo sababu mwenyewe alihama!" Khisa alicheka mpaka akashika mlango. Hasina, mke wa Abdishakur, alikuwa amefika na birika la chai. Yeye hakucheka. Alimtazama mumewe, na mumewe akainua mabega kidogo, akamimina chai.

"Na hizi mbao?"

"Za kutelezesha mzigo."

"Kreti zangu zitateleza vizuri. Mapazia pia usitoe. Yatazuia jua lisikaushe mkate."

Abdishakur aliweka kikombe chini. "Mzee, umenielewa ilikuwa inafanya nini?"

"Nimekuelewa, bwana. Mimi si mtoto."

Khisa alipofika nalo Kiminini, Phelista alilizunguka gari mara mbili. Akafungua nyuma, akaingiza kichwa, akanusa.

"Inanuka dawa."

"Ni sabuni. Jamaa ni Mwislamu, anapenda usafi."

"Ulimuuliza ilikuwa inabeba nini?"

"Watu. Matatu."

Laiti angesema maneno yale kama alivyoyasikia. Lakini Khisa alikuwa mtu wa kufupisha. Aliacha shule darasa la sita, na tangu siku hiyo alijivunia kwamba jambo la wengine la saa nzima yeye hulisema kwa neno moja. Phelista akasugua lile gari kwa maji moto, akaosha mapazia kwa mkono, akayarudisha.

Asubuhi ya kwanza Khisa aliegesha Kamukuywa mbele ya duka la Nakhungu, mteja wao wa kwanza kabisa, mama aliyewanunulia tangu enzi za baiskeli. Nakhungu akatoka akitabasamu, mikono mbele, tayari kupokea kreti.

"Waah, Baba Agneta! Sasa umekuwa tajiri, hata salamu utatupigia honi!"

"Tajiri wa mkweche, Mama. Njoo uone mkate ulivyolala kama mgeni."

Akafungua mlango wa nyuma. Nakhungu alisimama. Tabasamu lilikaa usoni kidogo, kwa sababu uso ulikuwa haujapata habari, kisha likaondoka. Akaangalia pale palipobonyea. Akaangalia benchi. Akanyoosha mkono akalishika pazia, akalivuta karibu na macho kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Hii gari umetoa wapi?"

"Kitale."

"Hii ndiyo ilituletea Peris."

Peris alikuwa dada yake mdogo. Alifia hospitali Kitale, miaka miwili nyuma, na Khisa mwenyewe alikuwa kwenye mazishi, akala wali, akatoa rambirambi. Gari hakuliangalia. Nani huangalia gari siku kama hiyo, isipokuwa yule aliyekaa ndani yake?

"Nilikaa hapo," Nakhungu akasema, akionyesha benchi. "Sanduku liliwekwa hapo kwa mbao, na barabara ilikuwa mbaya, nikalishika kwa miguu lisiteleze. Leso yangu ilikuwa imelowa. Nilijipangusa na hii pazia yenu kutoka Kitale mpaka hapa." Akaliachia. "Na wewe umelaza mkate pale pale."

"Mama, gari imeoshwa. Mama Agneta ameiosha na mikono yake."

"Najua ameosha. Mama Agneta ni msafi. Rudisha, Baba Agneta. Siwezi kuuzia watoto wa watu."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele, Khisa angejua la kumjibu.

Pale ndipo neno la Abdishakur lilipomrudia. Lilimpiga kwenye shavu. Kule kwao mtu mzima mwenye miguu anaenda nyumbani, anarudi nyumbani, anafika nyumbani. Hapelekwi. Anayepelekwa nyumbani ni yule asiyeweza kujipeleka tena. "Tunampeleka nyumbani Ijumaa," watu husema kwenye simu, na kila mtu anajua avae nini. Khisa alikuwa amelisikia tangu akiwa mgongoni mwa mamake. Angelisikia kwa Mbukusu mwenzake, angeruka. Alilisikia kwa mtu wa kabila jingine, kwenye kiwanja cha magari, akafikiri ni Kiswahili tu.

Alikwenda Bungoma hivyo hivyo, kwa ubishi. Lakini siku hizo simu zilikuwa zimeshaingia kila duka, na habari ilimtangulia. Muuza duka wa kwanza alisema ameshapata mkate kwingine. Wa pili alitoka, akachungulia mapazia, akarudi ndani. Kwenye shule ya kwanza bawabu alimcheka wazi: "Mzee, hapa hakuna matanga. Umepotea njia?"

Alirudi Kitale siku ileile, mikate ikiwa bado nyuma.

"Umeniuzia gari la maiti!" alimpigia Abdishakur kelele mbele ya watu waliokuwa wakitoka msikitini.

"Nilikuambia."

"Uliniambia lini?"

"Nilikuambia ilikuwa inapeleka watu nyumbani. Nikasema si matatu. Nikakuuliza kama umeelewa. Hasina alikuwa hapa."

"Na mbao ukasema ni za kutelezesha mzigo!"

"Ningesema jeneza mbele ya mteja? Nimesema kwa adabu, mzee, kama nyinyi wenyewe mnavyosema. Kwetu mtu akifa tunambeba, tunaosha gari, kesho linabeba viazi. Sikujua itakuwa neno kubwa hivi."

Abdishakur hakukubali kulipokea gari. Wala Khisa, akijiambia ukweli, hakuona kosa la muuzaji liko wapi. Hilo lilimchoma zaidi ya lote. Mtu ukiibiwa una mwizi wa kumtukana.

Phelista alimsikiliza akiwa amekaa juu ya gunia la unga.

"Alisema hivyo? Kupeleka watu nyumbani? Maneno hayo?"

"Maneno hayo."

"Na mimi nikakuuliza, ukaniambia matatu."

"Nilifupisha."

Akajipangusa mikono, kidole kimoja baada ya kingine. Haikuwa na unga.

Wakarudi kwenye baiskeli, lakini jina lilikuwa limeshakwenda mbele ya baiskeli. Ulikuwa mkate wa Mama Agneta, sasa ukawa mkate wa maiti, na watoto wa Kiminini wakautungia kawimbo. Nakhungu alijaribu kuwatetea, akawaambia watu mkate wenyewe hauna neno, ni gari. Watu walimsikiliza kwa heshima, wakanunua wa Webuye. Nguruwe wa jirani wakanenepa. Kisha Phelista akaacha kukanda, na tanuri likapoa, na mvua ya kwanza ikaling'oa tofali la juu. Hakuna aliyelirudisha.

Ndipo Wabwile akapiga simu.

"Khisa, ndugu yangu, si nasikia uko na gali?"

"Ni mbovu."

"Wacha hizo. Nimeambiwa mpaka mbao iko tayali. Mjomba ametuacha jana. Tunampeleka nyumbani Ijumaa."

Khisa alikuwa amenunua gari baya ili asiitwe na watu hawa. Akaenda. Mafuta aliweka mwenyewe. Pale mochari ya Webuye mtu asiyemjua alimwendea, akaangalia mapazia, akamuuliza kwa sauti ya chini kama Jumamosi ana nafasi. Huyo alilipa, tena bila kubishana, kwa kuwa wafiwa hawabishani na dereva. Baada yake akaja mwingine. Hawakuuliza gari ni jipya au ni kuukuu. Injini, ni kweli, ilikuwa nzuri sana.

Phelista hakugusa pesa zile. Nyama iliyonunuliwa kwazo aliipika, akampakulia mumewe, yeye akala mboga. Walikaa hivyo mpaka mahindi yakavunwa. Kisha Ijumaa moja, mvua ikinyesha, Khisa alikuwa akitoka na gari kwenda kazini, akamwona mkewe kando ya barabara pale stendi ya Kiminini, begi miguuni, karatasi ya nailoni kichwani. Asubuhi hawakuwa wamegombana.

Akasimamisha gari hatua chache kabla ya kumfikia, akashusha kioo.

"Unaenda wapi na mvua hii?"

"Kwetu."

"Ungeniambia."

"Nakuambia sasa."

Wiper moja ilikuwa imekufa, nyingine ikipita polepole kwenye kioo cha mbele. Alimwona vizuri, kisha vibaya, kisha vizuri.

"Mama Agneta, usilowe bure. Panda mbele hapa, nikupeleke nyumbani."

Alilisikia neno likiwa limeshamtoka. Phelista pia alilisikia. Alimtazama, akatazama mapazia aliyoyafua kwa mikono yake, akainama akachukua begi.

"Mimi naenda, Baba Agneta," alisema. "Kupelekwa bado."

Akavuka barabara, akashika njia ya upande wa pili kwa miguu, bila kuharakisha. Khisa alitaka kuteremka. Simu ikalia kifuani. Ilikuwa familia moja ya Kimilili, wamesimama na jeneza nje ya mochari, wanauliza dereva amefika wapi.