Gauni la Kijani Juu ya Ngazi

...nani alikuwa juu ya ngazi, hakimu ananiuliza mara ya pili, Bibi, sema tu ulichokiona, rika la wajukuu zangu huyu, sauti ya kubembeleza, nami nimekishika kizimba kama meza yangu ya pasi, na mtunza bustani yule pale na pingu zake, wanasema ndiye aliyemsukuma bwana akafa, kisa alikutwa chini amekiinua kichwa cha bwana, damu mikononi, sasa angemwacha sakafuni... nikimtaja niliyemwona watacheka, maana mama mwenye nyumba, mke wa bwana, tulimzika mwaka juzi, alianguka ngazi hizohizo, aliteleza, bwana alisema hivyo wakaandika hivyo, na mimi niliyemvika sanda niliona alama za vidole mkononi mwake nikanyamaza, mama mkwe wangu alinifunza, mwanangu, mdomo wa mtumishi ni mlango wa choo, haukai wazi, tukacheka mpaka machozi... ila gauni la kijani la marehemu nililipiga pasi kila Ijumaa, hakuna aliyeniambia acha, na kazi usipoambiwa acha unafanya, na kila Ijumaa nalikuta kabatini limekunjamana kwapani kama limevaliwa, nikasema unyevu... siku ile nikalitundika juu ya ngazi, mikono nimeitia wanga imesimama, bwana akapanda, akaliona, akasema polepole, nilikwambia ushuke, kisha mkono wa kijani ukanyooka, bwana akaporomoka, upepo, upepo gani na dirisha nililifunga mwenyewe... Bibi, tunakusubiri, na wakili anamnong'oneza mwenzake, kizee kimelala macho wazi, sijalala baba, nasikia... nikisema marehemu, mtunza bustani amekwenda na maji na mimi napelekwa kwa vichaa, nikisema gauni, wataniuliza nani alilitundika, na kwa nini pale, Ijumaa zote linarudi kabatini, kwa nini siku ile pale... sikusahau, nisijidanganye, nililisogeza kidogo kushoto, anakopitia bwana, nikarudi nyuma nikatazama lilivyokaa, nilitaka alione... kama kuna aliyenituma basi alinituma bila kusema, na mtunza bustani midomo imemkauka, hawajampa hata maji, na kalamu ya hakimu bado iko hewani, nani alikuwa juu ya ngazi, Bibi, na jina lililonifika ulimini sasa ni langu