Paa la Dainess

Wakimbizi wa Burundi walipofurika, wakubwa waliwajengea nyumba kambini, na kila nyumba ilikuwa ya Dainess.

Bonaventura wa Mwandiga aliitambua akiwa bado barabarani. Paa dogo juu ya paa kubwa, kama mtoto mgongoni mwa mama. Moshi watoka, mvua haiingii. Marehemu mkewe, Dainess, ndiye aliyeiwaza, kikohozi cha jikoni kilipomchosha. Alichora kwa mkaa sakafuni, mumewe akajenga. Injinia Oswald, wa kuletwa kutoka mikoa ya mbali, alikula samaki wao wa migebuka, akaipima nyumba, akasifu. Sasa kibao kambini kilisema: Imebuniwa na Injinia Oswald.

Bonaventura alitaka jina la mkewe liandikwe pale, basi. Akaenda wilayani. Afisa, kijana ambaye angeweza kumzaa mwenyewe, hakumwamkia.

"Mzee, hakimiliki ipo. Inalinda hata ramani ya nyumba. Mchoro uko wapi?"

"Sakafuni."

"Haya, twende tukauone."

Bonaventura akatazama miguu yake. Katika ukoo wao mwenye jiko akifa, jiko huvunjwa, na nyumba hufuata, mgane asije akalala akimsubiri. Aliivunja kwa jembe lake mwenyewe, matanga hayajaanuliwa, na mashemeji wakamsifu kwamba amemheshimu dada yao.

"Niliivunja."

"Umevunja ushahidi, halafu unaleta kesi?"

"Nilikuwa nazika, baba. Majirani waliiona."

"Majirani zako wataapa hata kwamba mbuzi anajua kusoma. Injinia ana ramani yenye muhuri. Wewe una msiba. Pole."

Karani akacheka chini chini. Hao ndio wenye nchi: hula kwako, kisha hukuuliza sahani iko wapi.

Akarudi kwa njia ya kambini. Nyumba ya kwanza, mama wa Kirundi alikuwa akichemsha muhogo, moshi ukipanda wima hadi paa dogo.

"Bwakeye, muzee. Karibu. Kule tulikotoka nilikohoa mpaka damu. Humu nimepona. Mungu amubariki huyo Oswald."

"Aliyeibuni ni mke wangu," Bonaventura akasema. "Dainess. Amekufa kwa kifua."

Yule mama akamwangalia kwa huruma, shati lake, miguu yake yenye vumbi. Akaona njaa inamsemesha mzee wa watu. Akamkatia kipande cha muhogo.

Bonaventura akakipokea kwa mikono miwili, akala.