Nyumba Iliyomtafuta Mwenye Nyumba

Usiku wa jana niliota nyumba yetu imenibishia hodi. Si mgeni aliyekuja nyumbani; ni nyumba yenyewe, imesimama nje inagonga mlango wake, na mimi nimekaa sebuleni na beseni mapajani.

Beseni ni la kukingia maji. Wiki ya tatu sasa tangu tuhamie huku Chanika, bati la juu ya sebule linavuja, na mimi na mume wangu Kibwana tunakinga, zamu kwa zamu, wala hatuoni ajabu. Miaka ishirini na moja tulipanga Temeke kwa Mzee Madiwa. Mpangaji akivujiwa ana kazi mbili, kukinga na kulalamika. Kutengeneza ni kwa mwenye nyumba. Tulipohama tulibeba kitanda, cherehani, na akili hiyo hiyo.

Basi nyumba inagonga. Naikaribisha, lakini haiwezi kuingia ndani yake, inabaki kibarazani inahema.

"Samahani mama," inasema kwa adabu. "Mwenye nyumba yupo?"

Na mimi, kwa mazoea, bila hata kufikiri: "Hayupo. Una shida gani, nimwambie?"

Nikajua nimeharibu, ila sijui nimeharibu nini.

Bati likakohoa kule juu, likasema si liliwaambia wenzake. Simtanki la maji likachungulia dirishani, limevimba kwa hasira, likalalamika kwamba halijasuguliwa tangu lipandishwe mnarani, limemeza vyura wawili na hakuna aliyeuliza hali. Shimo la choo nalo lina la kusema, lakini linasemea mbali, nyuma ya ua, kwa sababu linajijua.

Wakati nawatuliza hao, mchwa wakaingia. Wamepanga foleni, wa mbele kabeba barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, ina mhuri. Wameambiwa kuna nyumba haina mwenyewe, wanaomba kuonyeshwa pa kuanzia. Nikawajibu kwa ukali kwamba hapa hawataambulia kitu, fremu zote ni mninga.

Mchwa wakatazamana.

"Mninga," akasema mwenye barua. "Fundi ndiye aliyekwambia?"

Wakacheka mpaka wengine wakaanguka ukutani. Mimi sicheki.

"Basi mama," nyumba ikasema, "mimi siwezi kukaa hivi, masika inaingia. Saa nne kamili nanyanyuka, naenda kutafuta mwenye nyumba."

Nikakimbilia chumbani nikavuta hati chini ya godoro. Kibwana amelala juu yake, nikamsukuma huku, nikamsukuma kule, hakuamka. Nikainyanyua ile hati juu kwa mikono miwili: Sikudhani Kibwana Mlekwa, jina langu hili, wino huu.

"Nimeiona," bati likasema. "Siku karatasi hiyo ikipanda huku juu, nitaisikiliza."

Saa nne ikagonga. Nyumba ikajishika kuta zake kama mama anavyoshika kanga isiloe matope, ikanyanyuka. Vyombo vikaserereka. Dirishani naona jirani akifua, simpungii mkono, naona aibu. Nageuka nikae kwenye kochi, kochi hakuna. Nimesimama kwenye korido ya Temeke, ile ile, na ndoo za wapangaji zimepangwa kila mlango.

Mzee Madiwa amekaa mwisho wa korido kwenye kigoda. Nyumba yetu imempigia magoti uani kwake, inamwomba awe mwenye nyumba wake. Yeye anaigonga gonga ukuta kwa kidole cha kati kama anayechagua tikiti maji.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akaniuliza mbona kuta nyeupe hivi, hakuna hata msumari mmoja wa kutundikia kalenda.

"Nilikuwa nasubiri ruhusa, baba."

"Ya nani?"

Nikatazama ndoo za wapangaji.

Akasikitika kidogo. Akaniuliza, nakumbuka yule fundi aliyekuwa akimtuma kwetu kila masika? Nikasema namkumbuka, mfupi, kofia ya pama, haongei. Mzee Madiwa akachomoa kofia ya pama chini ya kigoda, akaivaa. Ni yule yule.

"Miaka yote hiyo?" nikauliza.

"Miaka yote. Fundi gani atapanda kwenye bati la mtu mvua inanyesha?"

Kisha akanyoosha mkono nimpe ufunguo. Chumbani kwetu namsikia Kibwana tayari anasomewa mkataba mpya, hakuna wageni zaidi ya siku tatu, hakuna kutwanga baada ya saa mbili, na Kibwana anatia dole gumba usingizini, anasema ndiyo mzee, ndiyo mzee. Miaka saba tumejenga ile nyumba. Tofali moja moja. Ufunguo umeanza kutoka mfukoni wenyewe, unatambaa kuelekea mkononi kwake.

Nikaukanyaga.

"Mwenye nyumba yupo," nikasema.

"Yuko wapi?" nyumba ikauliza.

"Anapanda."

Ngazi hakuna. Kuna nyundo. Napiga msumari wa kwanza ukutani, ukuta mweupe, rangi mpya, nasubiri mtu anifokee. Hakuna anayefoka. Naukanyaga. Napiga wa pili, nakanyaga. Hivyo hivyo mpaka juu, mama wa miaka hamsini na minne, kilo zangu nazijua mwenyewe.

Bati likanionyesha tundu. Dogo kama choroko. Mvua yote ya Chanika imepanga mstari hapo, tone kwa tone, kila moja linauliza nani wa mwisho. Nikaweka kidole. Mstari ukasimama.

"Nikitoa?" nikaliuliza bati.

"Navuja."

"Sasa nitakaa hapa mpaka lini?"

"Mpaka ufe," likasema, "au upate lami."

Nikakaa. Naogopa urefu, naogopa radi, naogopa Kibwana ataamka anitafute chai. Lakini kidole sitoi. Chini, nyumba ikainuka taratibu, ikamuaga Mzee Madiwa, ikamshukuru kwa muda wake. Akavua kofia akanipungia, akaniambia nikiwa huko huko juu niangalie na mfereji, majani ya mwembe huziba. Nyumba ikatembea kurudi Chanika na mimi juu, ikafika kiwanjani, ikakaa chini.

Niliamka kumepambazuka, mvua imekatika. Nikachukua mswaki, nikafungua mlango wa nyuma, nikashuka kama kila siku. Mguu ukaingia hewani.

Zile ngazi mbili za saruji ziko pale pale zilipojengwa. Nyumba ndiyo haiko pale ilipokuwa. Kati ya kizingiti na ngazi kuna nafasi ya futi nzima, na udongo wa pale ni mkavu, mweupe, una vipande vya tofali ambavyo havijaona jua miaka saba.

Kibwana akauliza kutoka kitandani kuna nini. Nikamwambia nyumba imeachana na ngazi.

"Mpigie mwenye nyumba," akasema, akajigeuza upande.

Nikamwambia ameshajua. Anatafuta koleo.