Trekta Uani kwa Hooyo Sharifo

Saynab hakuwa mtu wa majivuno, lakini akishapanda lile trekta la umeme la kikundi cha akina mama wa Balambala, hata ungemsalimia angekuitikia kwa kidevu. Na kwa nini asiringe? Ndiye aliyefundishwa kuliendesha, ndiye aliyelichaji, na ndiye aliyevumilia maneno ya shemeji yake Abdiwahid, mwenye trekta la dizeli, ambaye kila wakikutana alimuuliza kama mnyama wake ameshiba umeme au bado amefunga.

Basi ikaja mvua, ile ya kweli. Ikaangusha nguzo za stima, laga, yale makorongo yanayokauka kiangazi, zikafurika na kukata barabara ya Garissa, na mzaha ukamkauka Abdiwahid mdomoni. Nyumbani kwake alilala mama yake, Hooyo Sharifo (hooyo ni mama kwa Kisomali), mama mkwe wa Saynab, ambaye mapafu yake hayakuweza kitu bila mashine ya oksijeni. Mashine inataka stima. Jenereta ilikuwepo, ila dizeli ilikuwa imekwisha mji mzima. Mwende, muuguzi wa zahanati, alimfungia mtungi wa akiba, akasema wazi kwamba hautafika jioni.

Saynab alizipata habari hizo akielekea shamba la kikundi. Ardhi ilikuwa na unyevu mzuri, mbegu ziko tayari, betri imebaki nusu, na pa kuichaji tena hapakuwepo. Aligeuza usukani papo hapo, akaliingiza trekta uani kwa Abdiwahid na kuvuta waya kutoka kwenye betri hadi dirishani kwa mgonjwa.

"Hilo ni la nani?" Hooyo Sharifo aliuliza, pumzi ikimkatika.

"La kikundi, hooyo."

"Wamekupa?"

Saynab aliutazama waya mkononi. Haraka ilikuwa imemsahaulisha kuuliza.

"Basi usichomeke," alisema mgonjwa. "Sijawahi kunywa cha wizi, sitaanza leo kukivuta kwa pua."

Jamani, kuna watu wagumu duniani. Lakini huyu mama alikulia kwenye ngamia, na kwa wafugaji jambo hili halina mchezo. Jirani akipungukiwa, hupewa ngamia wa maziwa, irmaan kama wanavyomwita, amkamue mpaka hali itengemae kisha amrudishe. Ila lazima mwenye nyumba aombe kwa kinywa chake, mbele ya mwenye mnyama, na asimkamue mpaka tone la mwisho, kwa sababu ndama naye ana haki yake. Kwa Hooyo Sharifo, maziwa au stima, adabu ni ile ile.

Mwende alitazama kipimo cha mtungi, akamtazama Saynab. Saynab alishikwa na hofu, maana alimjua mkwewe: angekata roho kabla ya kubadili kauli yake. Akapiga simu shambani.

Akina mama walikuja mbio na matope yao miguuni, wakajaa uani. Mbele alisimama Bishara, mwenyekiti wao. Macho yote yakamgeukia Abdiwahid. Sauti ya mtu huyu utaisikia hata ukiwa ng'ambo ya mto Tana, lakini hapo ilitoka ndogo.

"Dada zangu, mama yangu anaishiwa pumzi. Naomba mnipe irmaan yenu."

Hakuna aliyecheka. Wangeweza, na haki walikuwa nayo.

"Tumekupa," alisema Bishara. "Ni yetu, utaturudishia. Na usiikamue ikakauka, ibaki chaji ya kuifikisha nyumbani."

"Nimekubali."

Saynab alichomeka waya. Mashine ikavuma, kifua cha Hooyo Sharifo kikapanda na kushuka taratibu, na Saynab akajikuta analia mbele za watu bila kuona haya. Alijivunia trekta lake, naam, lakini wale wanawake wenye matope aliwajivunia zaidi.

Asubuhi yake stima ilikuwa bado. Saynab alibeba jembe akaenda shambani, moyo mzito, kwani yale ambayo trekta lingeyamaliza kabla ya adhuhuri sasa yangekula mikono ya watu. Akawakuta wenzake wameshaanza. Na katikati yao alikuwa Abdiwahid, shuka ameikunja magotini, analima kwa jembe, viganja vimeanza kuchubuka. Hakuna aliyemtuma.

Simu ya Saynab ikalia. Alikuwa mama mkwe.

"Nani yuko shambani?"

"Sote tupo, hooyo. Na mwanao yupo."

"Anafanya nini?"

"Analima kwa jembe."

Ndani ya simu Saynab aliisikia mashine ikivuma.

"Mwambie anyooshe mistari," alisema yule mama. "Hilo ni shamba la watu."