Floridi Kwenye Chupa za Mdogo Wangu

Watu wa kazini wanasema nina wivu. Wasiseme pembeni, waje waniambie usoni nami nitawajibu kwamba ndiyo, ninao, na wangekuwa na mdogo kama wangu hata wao wangekuwa nao. Mimi ni kifungua mimba, yeye ni kitinda mimba. Katikati wapo kaka zetu, lakini hao wameshaoa na kujiendea zao, hakuna anayewalinganisha na yeyote. Wa kulinganishwa ni sisi wawili. Nyumbani wanamwita Kitinda, na karakana nzima nayo inamwita Kitinda, kwa sababu siku nilipomleta ndivyo nilivyomtambulisha.

Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Aliyemshika mkono akamwingiza chumba cha vipimo ni mimi. Aliyemfundisha kukaza bomba la gesi bila kuharibu uzi wake wa kukazia ni mimi. Wahenga walionya kwamba usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Mimi sikumwamsha tu, nilimwandalia na chai.

Tunashughulika na mashine zinazotengeneza umeme kwa haidrojeni. Ndani ya mashine moja kuna seli nyingi zilizobananishwa pamoja kama sahani kabatini, na katikati ya kila seli kuna utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Upande huu inapita haidrojeni, upande ule inapita hewa. Utando ukiwa mzima, viwili hivyo havikutani na umeme unatoka vizuri. Ukichakaa, haidrojeni inaanza kupenya. Ukitoboka, gesi na hewa vinaungua palepale, tundu linazidi kupanuka na mashine inazimika bila kuaga. Chumba cha vipimo kazi yake ni kuujua utando unaochakaa kabla haujatoboka.

Mimi nina njia yangu. Naifungulia mashine gesi, naikatia mzigo wote, yaani kila kinachotumia umeme wake, halafu nakaa naangalia volti ya kila seli. Yenye utando mzima inatulia juu. Yenye utando uliochoka inashuka polepole, kama mgeni anayejikaza asisinzie barazani. Njia hiyo nilikuwa naitumia wakati Kitinda bado anavaa sare ya shule, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Kitinda alikuja na habari ya maji. Mashine hizi zikifanya kazi hutoa maji kwa nyuma, kidogo kidogo, maji safi kabisa, na sisi miaka yote tuliyaacha yaende kwenye mtaro. Yeye akaanza kuyakinga kwenye chupa. Akasema utando ukianza kuoza unamwaga floridi, kemikali iliyomo ndani yake, na floridi hiyo inaonekana kwenye maji kabla volti haijasema lolote. Nilicheka. Nikawaambia wenzangu kwamba tumepata daktari wa kupima mkojo wa mashine, nao wakacheka. Halafu akaitaja mashine ya basi moja kuwa ni mbovu, mimi nikasema nzima, ikafunguliwa, na utando ukakutwa umeliwa pembeni kama nguo iliyoingiwa na nondo. Siku hiyo hakuna aliyenicheka mbele yangu, ila nilijua.

Kuanzia hapo ikawa Kitinda hivi, Kitinda vile. Alipewa meza ya dirishani. Wageni wakija, wanapelekwa kwanza kwake kuona chupa. Nyumbani nako Mama, ambaye hajawahi kuiona haidrojeni wala hataiona kamwe, akawa anawaambia majirani kwamba mwanawe mdogo anasoma maji. Nikamuuliza, na mimi nasoma nini? Akasema, "Wewe si ulishasoma zamani?" Niliendelea kuosha vyombo. Nikajiambia, aliye juu mngoje chini.

Bosi wetu tunamwita Tusubiri, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila jambo, hata ukimwambia moto unawaka. Lakini safari hii alikuwa anahamishwa, na alitakiwa aache mkuu wa chumba cha vipimo. Kila mtu alijua ni mimi au Kitinda. Kiti kile nilikuwa nimekikalia moyoni muda mrefu kiasi kwamba nilishakichagulia na mto.

Ndipo ikaletwa mashine ya hospitali. Ilikuwa ile inayoshika umeme wa wodi ya watoto njiti pale umeme wa kawaida unapokatika, na ililetwa kwa ukaguzi tu, haikuwa na malalamiko. Niliipima kwa njia yangu, seli zote zikatulia juu bila wasiwasi. Nikaandika kwamba ni nzima. Kitinda akakinga maji yake, akaja amekunja uso, akasema floridi imepanda vibaya sana, mashine isirudi hospitali. Nikasema irudi. Tusubiri akasema tusubiri mpaka Ijumaa, kila mmoja alete ushahidi wake kikaoni, na siku hiyohiyo atamtangaza mkuu. Hakuhitaji kufafanua zaidi ya hapo.

Jumanne niliingia sehemu ya kuoshea vyombo nikamkuta mama mfagizi akisuuza chupa za Kitinda, anazipanga zinang'aa. Nikamuuliza, kwa kuzungumza tu, anaoshea maji gani. Akasema ya bomba, si ndiyo yaliyopo? Akaniambia zile chupa mpya za kwenye mfuko ziliisha wiki iliyopita, kwa hiyo Kitinda alimwomba awe anaziosha za zamani zitakate.

Nilisimama pale nikahisi damu inanichemka kwa furaha. Maji ya bomba ya mtaa wetu yana floridi tele. Ndiyo yaliyotupaka meno rangi ya chai, mimi na Kitinda na kila aliyekulia hapa. Yeye mpaka leo akicheka anafunika mdomo kwa kiganja. Chumba kizima tunajua kwamba chombo cha kipimo kinasuuzwa kwa maji ya maabara yasiyo na kitu ndani, na yeye, mwenye meno yale kinywani, alisema tu zioshwe na hakutaja kwa maji gani. Matone yaliyobaki kwenye chupa yalitosha kabisa kuifanya mashine yoyote ionekane mgonjwa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nilimshukuru mama mfagizi nikatoka nikijizuia nisipige vigelegele.

Sikumwambia Kitinda. Mtu akiniuliza kwa nini, nitamwambia kikao kilikuwa Ijumaa na ushahidi ulitakiwa Ijumaa. Jumatano Kitinda alinijia mezani na namba zake mpya, akavuta kiti akakaa karibu kama alivyozoea, akasema, "Dada, hebu ziangalie hizi. Naona zinapanda tu. Kuna kitu nakosea?"

Niliziangalia kwa makini nikamwambia aendelee.

Alhamisi niliamua kumaliza kazi. Nilitaka niweke kikaoni chupa iliyosuuzwa ipasavyo, maji kutoka mashine ileile, na kipimo kionyeshe hakuna kitu, ili asibaki hata na pa kushika. Wenzangu walipokwenda kula nilisuuza chupa kwa maji ya maabara mpaka mikono ikachoka, nikaiwasha mashine, nikakinga maji mwenyewe, nikatumbukiza kijiti cha kupimia.

Kilionyesha floridi. Namba ilikuwa chini ya ile ya Kitinda, lakini juu ya kiwango, tena mbali. Nikabadilisha chupa. Nikakihakiki kijiti. Nikapima maji ya maabara yenyewe, yakatoka matupu. Nikarudi kwenye maji ya mashine, namba ileile. Nilikikasirikia kijiti kile kana kwamba nacho kinamsifu Kitinda.

Basi nikarudi kwenye njia yangu, ila mara hii kwa hasira. Siku zote tunapima utando ukiwa umelowa vizuri, na utando uliolowa huvimba, ukaziba hata penye udhaifu. Nikapitisha hewa kavu na ya moto mpaka macho yakaniuma kwa kuikodolea ile skrini. Seli zote zikatulia, isipokuwa moja ya katikati. Ikaanza kushuka, polepole, halafu haikusimama. Nikaigusa mashine kwa kiganja, mahali pale palikuwa na joto kuliko pengine.

Kitinda alikuwa sahihi. Alikuwa na chupa chafu, namba za uongo, na jibu la kweli. Nilikaa chini nikauonea wivu hata huo ubahatishaji wake. Mimi nikikosea nakosea mzimamzima, yeye akikosea anapatia.

Nisingeirudisha mashine ile hospitali. Wivu wangu una mipaka, na watoto njiti hawakunikosea kitu. Lakini nilivyozidi kufikiri niliona njia nyeupe mbele yangu, na haikuwa na uongo hata chembe. Ningesema chupa zilikuwa chafu, na ni kweli. Ningesema seli ya katikati inavuja, na ni kweli. Ningesema nimeigundua mimi kwa vipimo vinavyoaminika, na hiyo nayo ni kweli. Kilichobaki ni mpangilio wa maneno, kipi kianze na kipi kifuate.

Ijumaa nilianza na chupa. Nilimwita mama mfagizi aeleze anavyoziosha, akaeleza kwa kujivunia, maskini, hajui anamchongea nani. Nikaweka mezani glasi ya maji ya bomba na kijiti ndani yake, kila mtu akasoma mwenyewe. Kitinda alifunika mdomo kwa kiganja, na hakuwa anacheka. Nikaiacha glasi ikae palepale mezani. Sikuwa na haraka.

Kisha nikasema kwamba hata hivyo mashine ni mbovu, nimeipima upya kwa maji safi na kwa hewa kavu, seli ya katikati utando wake umechoka, ibadilishwe kabla ya kurudi. Nikawaonyesha volti ikishuka. Wenzangu walipiga makofi. Tusubiri, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakusema tusubiri. Alisema chumba cha vipimo kinahitaji mtu asiyeamini namba kabla ya kuangalia chombo, na kwamba mtu huyo wamemwona. Nilipewa mkono na kila mtu, Kitinda akiwemo. Mkono wake ulikuwa baridi.

Alinifuata kwenye korido watu walipotawanyika. Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu.

"Uliziona chupa lini?"

"Jumanne."

"Na Jumatano nilipokuuliza kama nakosea?"

"Nilitaka nihakikishe kwanza. Kazi hii si ya kukurupuka, hilo nimekufundisha mwenyewe."

Aliniangalia kidogo, akatikisa kichwa kukubali. "Sawa, Mkuu," akasema, akarudi chumbani kuzimwaga chupa zake.

Nilidhani ni mzaha wa siku moja. Nyumbani Mama alinipongeza, akawapigia simu kaka zetu wote, halafu akauliza mbona mwenzangu hajala. Nikasema amechoka. Jumatatu Kitinda aliniita Mkuu, Jumanne pia, na hata nyumbani, tukikutana mlangoni, ananipisha yeye. Hana kisirani wala hagombi. Kazi anaifanya, chupa anazisuuza mwenyewe kwa maji ya maabara, na namba zake sasa hazina kasoro. Ananiletea mezani zimeandikwa vizuri, anasimama upande wa pili mpaka nitie sahihi, anashukuru, anaondoka. Kiti hakivuti tena.

Mashine ya hospitali ilibadilishwa utando, na leo asubuhi tulikuwa tunaifunga iondoke. Nilikuwa kwenye meza yangu mpya, ya ofisini, mlango wazi. Kitinda alikuwa ameinama juu ya mashine, mkono mmoja umeshikilia bomba, spana imemponyoka na haifikii. Akaita bila kugeuka, "Dada, njoo unishikie hapa."

Niliinuka mbio mpaka goti likagonga meza. Nilifika mlangoni nikamkuta mama mfagizi ameshaweka ndoo chini, amelishika bomba kwa mikono yake miwili, na Kitinda anamwambia, "Hapohapo, dada yangu, usiachie." Walikuwa wamekaribiana kichwa kwa kichwa. Kitinda alikuwa anacheka kitu fulani walichokuwa wakizungumza, na mdomo hakuufunika.

Nilisimama pale, Mkuu wa chumba cha vipimo, nikimwonea wivu mwanamke mwenye ndoo.