Ndiyo za Nzisa

Nzisa hakuwa mtu wa kumwambia mwenzake hapana, na tabia hiyo nusura impatie mwanawe shahada.

Mwanawe huyo, Wathome, alikuwa akisomea isimu, elimu ya kuichunguza lugha. Tasnifu yake ilieleza jinsi Wakamba wanavyoyapanga maneno wanapotaka kutilia jambo mkazo. Alikuwa amejijengea nadharia ya kupendeza, ila ilisimama juu ya sentensi chache ambazo sikio lake mwenyewe lilizikataa. Mtu mwingine angeitupa nadharia. Wathome alilitupa sikio. Alijiambia kwamba amekaa Nairobi mno, Kikamba chake kimeingia maji, na heri amuulize aliyezaliwa nacho akazeeka nacho. Kwa hiyo kila Jumamosi alipanda vilima vya Kathiani hadi kwa mamake, akaweka simu mezani irekodi, akamsomea sentensi moja moja.

"Mwaitu," alimwita, yaani mamangu, "mtu anaweza kusema hivi?"

"Ii," Nzisa alijibu. Ndiyo. "Inasemwa."

Sentensi zote zilisemwa. Wathome alizipenda ndiyo hizo kama mkulima anavyopenda mvua ya Novemba. Na kabla ya kuzima simu alikuwa akiuliza habari za tumbo, kwa maana tangu mavuno tumbo la mamake lilikuwa likisumbua, naye akamnunulia dawa mjini Machakos.

"Dawa unakunywa?"

"Ii."

"Zinasaidia?"

"Ii, mwana wakwa. Wewe soma tu."

Akaridhika. Macho alikuwa nayo. Aliiona leso ikimzunguka mamake kiunoni mara mbili, ilhali zamani ilikuwa ikimfika kwa shida. Aliona pia kwamba sahani ya mamake ya muthokoi, ile pure ya mahindi yaliyokobolewa, hurudi jikoni kama ilivyotoka. Lakini alikuwa ameuliza na amejibiwa, na msomi akishapata jibu analolitaka haondoki kwenye kiti kwenda kutazama.

Aliyemwamsha alikuwa Profesa Kiragu, msimamizi wake, mtu wa Nyeri asiyejua hata kusalimu kwa Kikamba. Alimwita ofisini, karatasi zake ziko mezani.

"Wathome, huyu shahidi wako hajakataa hata sentensi moja. Ulimpatia zile mbovu za kumpima?"

"Hapana, Prof."

"Kwa nini?"

"Ni mamangu."

Kwa Wathome hilo lilikuwa jibu kamili. Kwao mama hapimwi. Kumkalisha mzazi na kumsomea upuuzi huku umekaza uso ni kumfanyia mzaha, na mzaha wa namna hiyo hufanyiwa wenzako wa rika. Profesa alimwelewa, kwa maana naye alikuwa na mama. Hakumhurumia kwa ajili hiyo.

"Mtu asiyeweza kukataa, kukubali kwake hakunisaidii," alisema. "Hiyo si ushahidi, hiyo ni adabu. Enda umpime. Akikubali na zile mbovu, sura yako ya nne imeanguka, na ya tano pia."

Jumamosi iliyofuata Wathome alimkuta mamake jikoni akichagua maharagwe. Katika karatasi yake alikuwa ameandika sentensi alizozivunja makusudi, maneno kichwa chini miguu juu. Alisoma ya kwanza kwa aibu.

"Ii," akasema Nzisa.

Ya pili ikasemwa pia. Ya tatu ilikuwa mbovu hata mlevi wa sokoni angeionea haya. Nzisa aliacha maharagwe, akamtazama mwanawe kwa huruma, kama anayejiuliza shule imemfanyia nini mtoto wa watu.

"Ii," akasema polepole. "Hiyo nimesikia watu wakisema."

Wathome alidhani angecheka, au angelia kwa ajili ya sura zake mbili. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliiweka karatasi chini, kwa maana zilikuwa zimemjia akilini ndiyo nyingine, zile za mwisho kabla ya kuzima simu.

"Mwaitu, leo umekunywa dawa?"

"Ii."

Akainuka, akaenda chumbani kwa mamake, jambo ambalo mwana mtu mzima hafanyi. Juu ya sanduku la nguo alizikuta pakiti alizokuwa akizileta, zimepangwa vizuri, hazijafunguliwa isipokuwa moja.

Alirudi nazo jikoni. "Kwa nini, mwaitu?"

"Zilikuwa zinanitapisha, nikaacha," Nzisa alisema, mikono ikiendelea na maharagwe. "Wewe uko na masomo. Mtu anayesoma hasumbuliwi."

"Na inauma?"

Nzisa alitabasamu. "Kidogo tu."

Siku ileile alimteremsha mjini. Hospitalini, Daktari Wanja, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alimwinamia Nzisa na kumuuliza anaumwa wapi. Nzisa akasema haumwi sana. Anakula? Anakula. Analala? Analala vizuri. Daktari alikuwa anaandika.

"Daktari, usimuulize," Wathome alisema kwa ukali uliomshtua mwenyewe. "Mpime. Usiandike anayosema, mpime."

Daktari akaweka kalamu chini, akambonyeza Nzisa tumboni. Uso wa Nzisa haukubadilika, ila jasho lilimtoka kwenye paji la uso.

Majibu yalipokuja, Nzisa akiwa tayari amelazwa, daktari alimtoa Wathome hadi kwenye korido. Ilikuwa saratani ya tumbo, na imeshafika kwenye ini. Nairobi wangeweza kumtibu ili aongeze muda, lakini kumponya, hapana. "Angeletwa mapema..." alianza, kisha akamwonea huruma. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, na hawakutaja kitu juu ya mwana anayemsaidia kuficha.

Wathome alirudi wodini, akaketi kitandani kwa mamake, akamwambia yote bila kupunguza. Kisha ikabaki kumuuliza, na hapo akaogopa. Alijua angejibu ndiyo. Angekubali mashine na sindano, angewashukuru madaktari wote mmoja mmoja, afie mbali na kwake kwa sababu ya kutotaka kumkatalia mtu. Na yeye mwanawe asingejua kamwe alichokitaka.

"Wanasema twende Nairobi utibiwe," alisema. "Twende?"

Nzisa alimtazama usoni. Akavuta blanketi, akalinyoosha juu ya magoti.

"Aiee," akasema.

Hapana. Wathome hakukumbuka kuwahi kulisikia neno hilo likitoka katika kinywa hicho. Akaligeuza swali, kama alivyofundishwa, aone kama jibu litasimama.

"Basi nikurudishe Kathiani?"

"Ii," akasema Nzisa, na kufumba macho.

Ndiyo hii aliiamini, maana sasa alijua mamake anaweza kukataa, na kuiamini kukamliza palepale mbele ya wagonjwa wengine.