Neno la Mbele ya Tanuru

Mkurugenzi Kamburov hakujaliwa maneno. Kila alichowahi kusema kikawapendeza watu, kiliandikwa na Zornitsa, na pale kwenye kiwanda cha vioo walidhani kazi ya mwanamke huyo ni kupokea simu za bosi tu.

Jumatatu moja ya Desemba akamwita, akafunga mlango.

"Machi tunazima tanuru," akasema. "Aliyetununua anataka jina letu, kiwanda chenyewe hana haja nacho. Lakini oda ya mwisho lazima itoke, na vijana wameanza kukimbilia Ujerumani. Wakiondoka sasa, tumekwisha. Niandikie hotuba ya kuwafanya wabaki."

Zornitsa akahesabu siku. Mdogo wake, Radostin, alikuwa mpuliza vioo humo humo, na kiwanda kimoja cha Bavaria, huko Ujerumani, kilikuwa kinangoja jibu lake kabla ya Ijumaa.

"Na hili likivuja," bosi akaongeza, "nitajua limetoka kinywani mwa nani. Hapa tunaolijua ni wawili tu."

Utadhani aliandika ovyo makusudi. Wapi! Kiburi cha kazi ni ugonjwa. Alikesha na hotuba hiyo kama mwenye mgonjwa, na alipoileta akamfunulia bosi siri ambayo mgeni hawezi kuijua.

"Barua hawatasoma, bosi, na ukumbini hawatakuamini. Shuka kwenye tanuru. Vua kofia, mwaga pombe ya rakia kidogo sakafuni mbele ya mlango wake, ndipo useme. Pale hata mwizi hasemi uongo."

Hilo alilijua kwa marehemu baba yake, aliyepuliza vioo pale miaka thelathini na moja. Akajipa moyo: Alhamisi jioni, hotuba ikishapita na bosi ametulia, nitamnong'oneza Radostin, akae kimya, aende zake. Wengine nao wana dada zao.

Alhamisi asubuhi Kamburov akashuka, kofia mkononi, akamwaga rakia. "Tanuru hili liliwashwa na babu zenu," akasema. "Mimi si mtu wa kulizima." Wazee wakafuta macho. Mishahara haikupanda hata kidogo, mashine mpya haikuja hata moja, na watu mia mbili wakabaki. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Haya yaliwarudisha watu ndani.

Jioni Zornitsa akaenda kwa mama yao. Banitsa, mkate wa jibini, ilikuwa mezani, bado ya moto. Ile ndoo ya shaba aliyoiandaa mama ili amwage maji kizingitini siku ya safari, mambo ya mwanawe yateleze kama maji hayo, ilikuwa imesharudishwa juu ya kabati.

"Radostin, njoo nje kidogo."

"Nje baridi, dada, sema hapa hapa. Au ni la Ujerumani? Hilo limekwisha."

"Limekwisha vipi?"

"Nimewapigia mchana, nikawaambia asanteni, sitaki. Nafasi wamempa Mserbia mmoja palepale." Akacheka. "Mzee kavua kofia, dada! Kamwaga rakia! Nikawaambia wenzangu Kiril na Asparuh, tulieni nyie, mnakimbilia wapi?"

"Si ungesubiri kidogo..."

"Nisubiri nini? Mtu kaapa mbele ya tanuru. Baba angekuwepo angenizaba kofi kwa kumtilia shaka."

Zornitsa akatia kipande cha banitsa mdomoni. Bado angeweza kusema; Kiril na Asparuh wangepona. Hakusema. Tuseme ukweli: aliogopa kupoteza kazi yake.

Machi tanuru likazimwa. Kioo kikaganda ndani, matofali yakapasuka, na mtaa mzima ukasikia. Barua ya kuwaaga wafanyakazi aliiandika yeye pia, na haijapata kutokea barua nzuri kama ile. Radostin akaja nayo nyumbani, akaiweka mbele ya dada yake.

"Tusomee, dada. Macho ya mama hayaoni, na mimi nikiisoma naona giza."

Akasoma. Shukrani, familia moja, maumivu tunayoyabeba pamoja. Sauti haikumtetemeka hata mara moja, maana alikuwa amezipanga sentensi zile zisimkwame msomaji.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Maneno matamu," akasema. "Lakini aliyeyaandika hakuzaliwa na mama."

"Ndiyo, mama," Zornitsa akajibu.